Namna ya Kuyeyusha na Kupasha Moto Chakula kwa Usalama katika Maikrowevu

Chukua pande la nyama ya kusaga lililoganda, lenye uzito wa nusu kilo, uliweke kwenye sahani na kulitia katika maikrowevu kwa nguvu zote za mtambo kwa dakika 5. Utakapolitoa utakuta kingo zimegeuka kijivu na kuanza kuiva, maji ya damu yametuama sahanini na kushikamana kama utando, na ukichomeka ncha ya kisu katikati itagota kwenye barafu. Katika sahani hiyo moja pana nyama iliyoiva, nyama ya vuguvugu na nyama ambayo bado ni jiwe. Mtambo haujaharibika, hivyo ndivyo unavyofanya kazi siku zote, na karibu kila hatua iliyomo katika mwongozo huu ina shabaha ya kusawazisha joto ambalo mtambo wenyewe hauwezi kulisawazisha.

Kwa nini chakula hakipati joto sawasawa

Maikrowevu ya nyumbani hutoa mawimbi ya megahezi 2,450 hivi, ambayo huzigeuzageuza molekuli za maji zilizomo ndani ya chakula mara mabilioni kwa sekunde, na msukosuko huo ndio unaoleta joto. Maji ya kawaida hunyonya mawimbi hayo vizuri. Barafu hunyonya kidogo sana, kwa sababu molekuli zake zimefungana mahali pamoja na hazina nafasi ya kugeuka. Kwa hiyo mahali pa kwanza panapoyeyuka, ambapo kwa kawaida huwa ni pembe au sehemu nyembamba, huanza kunyonya nishati nyingi kuliko barafu iliyopazunguka. Hupata moto zaidi, hunyonya zaidi, na baada ya dakika chache pembe hiyo inachemka huku sentimita chache tu kutoka hapo pakiwa bado pameganda. Mwenye nacho huongezewa.

Jambo la pili ni kina. Imeenea imani kwamba maikrowevu hupika kuanzia ndani kwenda nje, lakini sivyo. Katika vyakula vingi mawimbi huishiwa nguvu baada ya kupenya sentimita 2 hadi 3 hivi, na katika chakula chenye chumvi nyingi huishia karibu zaidi na uso. Katikati ya pande nene hakupashwi na mawimbi bali na joto linalosafiri polepole kutoka tabaka la nje, kama ilivyo kwenye jiko lolote.

Jambo la tatu ni kwamba mawimbi hugonga kuta za chuma, yakarudi na kupishana, yakaacha ndani ya mtambo maeneo yenye nguvu nyingi na mengine yasiyo na kitu. Ukitaka kuyaona kwa macho, ondoa kigurudumu kinachozungusha sahani, weka bapa la chokoleti juu ya sahani isiyozunguka, kisha washa kwa sekunde 20 au 30. Chokoleti itayeyuka kwa madoa yaliyoachana kwa sentimita 6 hivi, na kati ya doa na doa itabaki ngumu kama ilivyotoka dukani. (Chokoleti inafaa kwa jaribio hili kwa zaidi ya sababu moja: inasimuliwa kwamba mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani, aligundua kwamba mawimbi ya rada yanapasha chakula baada ya kuona kitafunio chake cha chokoleti kimeyeyuka mfukoni.) Sahani inayozunguka imewekwa ili chakula kipite katika maeneo hayo kwa zamu. Inasaidia, lakini haitoshi, na kwa sababu hiyo mkono wa mpishi hauna budi kuingilia kati.

Ijue kwanza nguvu ya mtambo wako

Nyakati zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula na katika vitabu vya mapishi zina maana pale tu unapojua wati za maikrowevu yako, ambazo kwa mitambo ya nyumbani huwa kati ya 600 na 1,200. Kiwango hicho huandikwa kwenye kibandiko kilichopo nyuma au ndani ya fremu ya mlango. Angalia usichanganye umeme unaoingia na nguvu ya kupikia, kwa kuwa ya kwanza daima ni kubwa zaidi, na wauzaji wengine hutangaza hiyo.

Kama kibandiko kimefutika, unaweza kupima mwenyewe. Tia lita 1 ya maji ya kawaida katika chombo kinachofaa, yapime joto, yapashe kwa dakika 1 kamili kwa nguvu zote, koroga, kisha yapime tena mara moja. Zidisha tofauti ya nyuzi za Selsiasi kwa 70, nawe utapata wati kwa makadirio mazuri: maji yaliyopanda kutoka nyuzi 24 hadi nyuzi 34 yanaonyesha mtambo wa wati 700 hivi. Mtambo uliotumika miaka mingi huweza kutoa nguvu pungufu kuliko ilivyoandikwa, na jaribio hili ndilo litakalokwambia.

Ukishajua wati, kubadilisha muda ni hesabu fupi. Zidisha muda uliopendekezwa kwa wati zilizotajwa, kisha gawanya kwa wati za mtambo wako. Pakiti ikisema dakika 4 kwa wati 800, nawe una wati 600, utahitaji dakika 5 na sekunde 20. Vilevile kumbuka kwamba nguvu ya mtambo ni ile ile hata chakula kikiongezeka, hivyo sahani mbili hazipashwi kwa muda wa sahani moja. Anza kwa kuongeza nusu ya muda, kisha kagua.

Mipangilio ya nguvu ya chini, kama asilimia 30 inayotumika kuyeyushia, haimaanishi kwamba mawimbi yamedhoofishwa. Katika mitambo mingi, nguvu huwa kamili kwa sekunde kadhaa kisha hukatika kabisa kwa sekunde nyingine. Ukitega sikio utasikia ngurumo ikija na kuondoka huku feni ikiendelea. Mapumziko hayo ndiyo yanayolipa joto nafasi ya kusambaa. Mitambo yenye inveta, yaani saketi inayodhibiti kiasi cha nguvu ya umeme, pekee ndiyo inayoweza kupunguza nguvu yenyewe bila kuikata.

Chombo

Kioo kinachostahimili joto na kauri isiyo na mapambo ya dhahabu wala fedha ni salama, na mwenye vyombo vya aina hizo viwili hahitaji kingine. Metali hutoa cheche, hasa ikiwa na ncha kali au mikunjo, kwa hiyo uma, foili iliyokunjamana na kile kiwaya kidogo kinachofunga mdomo wa mfuko vibaki nje. Melamini, ile plastiki ngumu inayofanana na kauri, haifai, kwa kuwa hupata moto yenyewe na huweza kupasuka.

Kuhusu plastiki, ushauri wangu ni mkali kuliko wa wengi. Makopo ya siagi, ya aiskrimu na ya mtindi yalitengenezwa kwa ajili ya chakula baridi. Yakipashwa moto hulegea, na kemikali zake huweza kuhamia katika chakula, hasa chenye mafuta. Trei za povu nyeupe ni hivyo hivyo. Plastiki yenye alama rasmi ya maikrowevu imepimwa na inaruhusiwa, lakini kwa kuwa kuhamishia chakula kwenye bakuli la kioo ni kazi ya sekunde 10, sioni sababu ya kuitegemea.

Ukikishuku chombo cha kauri au cha kioo ambacho hakina metali, kiweke kitupu ndani ya mtambo pamoja na kikombe cha maji kilicho pembeni, kisha washa kwa dakika 1. Maji yakiwa ya moto na chombo kikiwa baridi, kinafaa. Chombo kikipata moto, kinanyonya mawimbi na hakifai. Kikombe cha maji ni cha lazima katika jaribio hili, kwa sababu maikrowevu haipaswi kuwashwa bila kitu cha kunyonya nishati ndani yake.

Chakula kisichofaa kupashwa

Maikrowevu haiokoi chakula kilichoharibika. Bakteria wanaosababisha maradhi huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe nje ya jokofu kwa zaidi ya saa 2. Kiporo kilicholala mezani usiku kucha kitupwe, hata kama harufu yake haijabadilika. Bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hupenda wali, huacha mbegu zinazostahimili kuchemshwa, na wali ukikaa nje mbegu hizo huamka na kutengeneza sumu ambayo joto la kupashia haliiondoi. Utawaua bakteria, lakini sumu waliyoiacha utaila.

Kiporo kilichowahi kuingia katika jokofu kikae humo siku 3 au 4, si zaidi. Sufuria kubwa la mchuzi ligawanywe kwanza katika vyombo vifupi, kwa sababu katikati yake huchukua saa nyingi kupoa na jokofu haliwezi kulifanyia haraka.

Kuyeyusha

Kazi ya kuyeyusha huanza siku ya kugandisha. Nyama ya kusaga, mchuzi au maharage yaliyotandazwa katika mfuko bapa wenye unene wa sentimita 2 hadi 3 huyeyuka mara nyingi bila tatizo, kwa kuwa unene huo unalingana na kina ambacho mawimbi hufika. Chakula hicho hicho kikigandishwa kama tofali, hakuna kitufe kitakachokiyeyusha sawasawa.

Hatua ya kwanza ni kuondoa vifungashio vyote: trei, utando wa plastiki, na kile kipande cha karatasi nene kinachowekwa chini ya nyama kunyonya damu, ambacho husahaulika kwa sababu huwa kimegandamana na nyama. Kikikataa kubanduka, pitisha maji baridi juu yake kwa sekunde chache.

Hatua ya pili ni kupanga. Weka chakula juu ya kisahani kilichofunikwa kifudifudi ndani ya sahani yenye ukingo, ili maji yanayoyeyuka yashuke chini na kujitenga. Maji hayo hunyonya nishati haraka, na chakula kikikaa ndani yake upande wa chini utaiva kabla ya upande wa juu kuyeyuka. Vipande vipangwe kwa duara na kuacha wazi katikati, sehemu nene zikielekea nje na nyembamba zikielekea ndani. Mapaja ya kuku, kwa mfano, yalazwe mifupa yake ikielekea katikati kama njiti za gurudumu.

Hatua ya tatu ni kuchagua nguvu. Tumia kitufe cha kuyeyushia, au asilimia 30. Nusu kilo ya nyama ya kusaga kwa kawaida huhitaji jumla ya dakika 6 hadi 8 kwa nguvu hiyo, lakini usiziweke zote kwa mkupuo. Weka dakika 2, fungua, kagua, kisha endelea.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo kiini cha kazi yote, hufanyika kila unapofungua mlango. Geuza chakula chini juu. Vipande vilivyoshikana vitenganishwe mara tu vinapokubali, bila kulazimisha. Kwa nyama ya kusaga, kwangua kwa uma sehemu zote zilizolainika na kuzihamishia katika bakuli jingine, kisha rudisha ndani lile bonge lililobaki peke yake. Mara ya kwanza utapata ganda jembamba tu. Mara ya pili bonge litakuwa limepungua kwa theluthi moja. Mara ya tatu huenda likavunjika vipande viwili mkononi mwako. Nyama uliyokwisha kuitoa hairudi ndani, na hivyo haipati nafasi ya kuanza kuiva. Mitambo mingi hulia katikati ya muda wa kuyeyusha ili kukuita ufanye hivyo, na watu wengi hudhani imemaliza au huipuuza.

Hatua ya tano ni kusimama mapema. Chembe za barafu zikiwa bado zipo katikati lakini kisu kinapenya, zima mtambo na uache chakula kipumzike dakika 5 hadi 10. Joto lililomo kwenye tabaka la nje litamalizia kazi bila kuongeza mawimbi. Anayesubiri hadi barafu yote iishe ndani ya mtambo hupata kingo zilizopikwa.

Baada ya hapo chakula kipikwe mara moja. Sharti hili halina msamaha, kwa kuwa kugandisha hakukuua bakteria bali kuliwalaza tu, na wakati wa kuyeyusha baadhi ya sehemu zilipanda hadi kwenye vuguvugu wanalolipenda. Nyama iliyoyeyushwa kwa maikrowevu haiwekwi tena katika jokofu kusubiri kesho, wala hairudishwi kugandishwa ikiwa mbichi. Ikishapikwa inaweza kugandishwa. Sahani iliyobeba nyama mbichi, uma uliotumika kukwangulia na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kingine chochote.

Si kila kitu kinafaa kuyeyushwa kwa njia hii. Kuku mzima na pande kubwa la nyama liyeyushwe katika jokofu, ukihesabu saa 24 kwa kila kilo 2 au zaidi kidogo, na lilazwe katika sinia ili majimaji yake yasidondokee vyakula vingine. Ukiwa na haraka, tumbukiza chakula katika maji baridi kikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, ubadilishe maji kila baada ya dakika 30. Nusu kilo itachukua saa 1 hivi. Kukiacha chakula mezani kiyeyuke chenyewe ni kosa, kwa sababu upande wa nje hukaa saa nyingi katika joto la chumba ukiungoja upande wa ndani. Kwa upande mwingine, mboga zilizogandishwa, supu na michuzi havihitaji kuyeyushwa kwanza; huingia katika maikrowevu vikiwa barafu na hupashwa moja kwa moja hadi vichemke, mradi vikorogwe.

Kupasha moto

Toa kiasi utakachokula tu. Chakula kinachopashwa, kikapozwa, kikapashwa tena hupita kila mara katika joto linalozalisha bakteria, na kila mara huzidi kukauka.

Kitandaze katika chombo kipana na kifupi badala ya kukirundika kama kichuguu. Vipande vikubwa vya nyama au viazi vikatwe. Ikiwezekana acha shimo katikati, hasa kwa wali na vyakula vizito vinavyofanana nao, kwa kuwa katikati ya sahani ndipo joto hufika kwa shida. Chakula kikavu kinyunyizie kijiko kimoja au viwili vya maji.

Funika. Mfuniko wa kioo au sahani iliyogeuzwa hutosha, mradi kuwe na upenyo wa mvuke kutoka. Mfuniko una kazi mbili: huzuia chakula kurukia kuta, na huweka ndani mvuke ambao hupasha uso wa chakula sawasawa na kuua bakteria waliopo juu, mahali ambapo mawimbi peke yake huweza kuparuka. Ukitumia utando wa plastiki uliotengenezwa kwa ajili ya maikrowevu, utando huo usigusane na chakula, na pembe yake moja iachwe wazi. Wakati wa kufunua, inua upande ulio mbali nawe kwanza. Mvuke unaotoka hapo unababua mkono na uso.

Vyakula vya majimaji hupashwa kwa nguvu zote. Nyama, vyakula vya tabaka na chochote kizito kipashwe kwa asilimia 50 hadi 70 na kipewe muda mrefu zaidi, vinginevyo kingo zitakakamaa kabla ya katikati kupata joto. Muda ukifika nusu, simamisha na koroga, ukiyaleta yaliyo katikati pembeni na ya pembeni katikati. Kisichokorogeka, kama kipande cha nyama, kigeuzwe.

Mtambo ukizima, acha chakula kikiwa kimefunikwa kwa dakika 2 au 3. Watu huona muda huu kama adabu isiyo na maana, ilhali ni sehemu ya upishi: joto husafiri kutoka sehemu za moto kwenda zile ambazo mawimbi hayakuzifikia, na kipimajoto kikiachwa ndani ya chakula kizito, mara nyingi utaona sehemu baridi ikipanda wakati mtambo umezimwa.

Kisha pima. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kifikie nyuzi 70 za Selsiasi katikati. Idara ya Kilimo ya Marekani inataka viporo vifikie nyuzi 74. Mimi huchukua 74, kwa kuwa katika maikrowevu hujui kwa hakika kwamba umechoma kipimajoto mahali palipo baridi kuliko pote. Pima angalau mahali patatu, ikiwemo katikati na karibu na mfupa, na ukubali kipimo cha chini kabisa, si wastani. Mahali pamoja pakiwa na nyuzi 55, koroga na urudishe ndani.

Asiye na kipimajoto ana njia mbili zisizo kamilifu lakini zenye msaada. Ya kwanza ni kupeleka mkono kwa tahadhari chini ya sahani, katikati kabisa: sehemu hiyo ikiwa baridi, chakula kilicho juu yake hakijapata joto, hata kama pembeni panatoa mvuke. Ya pili ni kufumua katikati kwa kijiko na kutazama kama mvuke unatoka hapo pia. Chakula cha kuliwa papo hapo bila kukipuliza huwa hakijapashwa vya kutosha.

Vinavyohitaji uangalifu wa pekee

Maziwa ya mtoto mchanga, yawe ya mama au ya kopo, yasipashwe kabisa katika maikrowevu. Chupa huweza kuwa ya vuguvugu mkononi huku ndani mna mkondo wa maziwa yanayounguza, na mtoto hana namna ya kutoa taarifa isipokuwa kulia baada ya kuungua. Chupa itumbukizwe katika bakuli la maji ya moto, itikiswe, na tone lijaribiwe kwenye kifundo cha mkono.

Maji matupu yaliyopashwa katika kikombe laini yanaweza kupita joto la kuchemka bila kutoa kiputo hata kimoja, yakatulia kana kwamba hayajapata moto, kisha yakaruka kwa kishindo pale unapoyatikisa au kutia kijiko cha sukari au kahawa. Weka kijiti cha mbao ndani ya kikombe kabla ya kuwasha, usizidishe muda, usiyapashe mara mbili mfululizo, na uyaache yatulie nusu dakika kabla ya kuyagusa.

Yai lenye ganda lisiingie ndani, hata likiwa limekwisha kuchemshwa, kwa sababu mvuke hujikusanya na yai huweza kulipuka baada ya kutolewa, mbele ya uso wa mlaji. Viazi vizima, soseji, maini na nyanya vitobolewe kwa uma.

Mikate yenye kitu ndani hudanganya. Nilijifunza hilo kwa ulimi wangu: andazi lililojazwa jemu lilikuwa vuguvugu tu nilipolishika, lakini jemu iliyokuwa ndani ilikuwa inachemka, kwa kuwa majimaji yenye sukari hupata moto haraka kuliko mkate uliokauka. Livunje kwanza na ungoje. Mkate wenyewe unahitaji sekunde 10 hadi 20 tu. Ukizidisha hapo utakuwa mgumu kama ngozi unapopoa.

Moto, usafi na mlango

Chakula kikishika moto ndani ya mtambo, usifungue mlango. Zima, chomoa plagi, na uache moto ukose hewa hadi ufe wenyewe. Mara nyingi moto huo huanzia kwenye bisi zilizosahaulika, mifuko ya karatasi au gazeti lililotumika kufunikia, hivyo usiondoke jikoni unapopasha vitu vya aina hiyo.

Mabaki yaliyorukia kuta hunyonya mawimbi kila mtambo unapowashwa, yakaungua na kuacha alama za kudumu. Pasha bakuli la maji yenye vipande vya limau kwa dakika 3, pamoja na kijiti cha mbao kilichotajwa hapo juu, acha mlango umefungwa kwa dakika 5 nyingine ili mvuke ulainishe uchafu, kisha futa kwa kitambaa. Futa pia ukingo wa mlango, kwani tabaka la mafuta lililoganda hapo huuzuia kufunga sawasawa. Mlango uliopinda, uliolegea bawaba au wenye kioo kilichopasuka unatosha kuusimamisha mtambo kutumika hadi fundi auone. Usifungue kasha lake mwenyewe, hata kama plagi imechomolewa tangu jana, kwa sababu ndani yake kuna kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa zaidi ya volti 2,000.